Meza ya Dirishani na Jibu Moja

Nyie vijana mlioachiwa funguo za maabara, siku ya kuniaga mliniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kufundisha kemia ya mwaka wa kwanza. Mlisema "chochote" huku macho yenu yakiwa kwenye sinia la kuku, kwa hiyo nashuku mlikuwa mnanifurahisha tu. Haidhuru, naandika. Habari za vyeo sitaziandika, maana zingeenea kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika kuhusu mikono, kwa sababu mwisho wa yote kemia niliyoifundisha ilikuwa ya mikono.

Kwanza mjue kwamba kazi hii ni ya kushuku. Chupa isiyo na lebo ni mtuhumiwa. Chupa yenye lebo ni mtuhumiwa mwenye kitambulisho. Mizani iliyonyooka vizuri asubuhi, jiulize nani aliinyoosha na alikuwa na haraka ya nini. Mke wangu anasema tabia hii nimeileta hadi nyumbani, kwamba nikipewa chai nainusa kabla ya kunywa. Ni kweli, na bado niko hai.

Mimi ni zao la masomo ya jioni. Nilizaliwa hapa Mpanda mjini, baba yangu akiwa mtu wa reli. Ujanani nilibeba magunia ya mahindi mchana kutwa, mengi kiasi kwamba nadhani nusu ya mahindi ya mkoa huu yamepita mgongoni kwangu, na jua likielekea kuzama nilikwenda kukaa darasani na baba za watu. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Mwalimu wetu alitufundisha rangi za methili oranji, ile dawa inayobadilika rangi ikikutana na asidi, kwa mwanga wa taa ya chemli. Ndiyo maana kwa muda mrefu niliamini kila kimiminika duniani ni cha njano.

Siku yangu ya kwanza chuoni nilipokelewa na Bi Zuhura, fundi wa maabara, mama wa mjini hapahapa, wa ukoo wa wafanyabiashara. Alivaa koti jeupe juu na khanga chini, na funguo kiunoni zilizolia kama kengele ya mbuzi. Hakuniambia karibu. Aliweka bilauri mbili mezani, zote zina kitu kinachofanana na maji.

"Maji ni yapi?" akauliza.

Mimi, msomi mpya, nikainama na kuvuta pumzi ndefu kwenye bilauri ya kwanza. Ilikuwa amonia. Nililia machozi ya kumwagilia majaruba yote ya Mpimbwe, na masika yangekuja yakakuta kazi imeshafanyika. Bi Zuhura alisubiri nimalize, akanipa kitambaa.

"Sasa umeajiriwa," alisema. "Usikiamini kitu kwa sababu kimetulia."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha namna ya kuishika pipeti, kile kijiti cha kioo cha kunyonyea na kupimia, bila kumeza nilichokinyonya. Alinionyesha kuweka kigae cheupe chini ya chupa ili rangi isikudanganye. Na alikuwa na msemo wake mmoja, aliourudia kila tulipoosha vyombo: "Majibu ya wanafunzi yakipishana, shuku mikono. Yakifanana, shuku mikono zaidi." Niliuitikia miaka mingi bila kuuelewa, kama mtu anavyoitikia misa ya Kilatini.

Wanafunzi nao walinishuku, na sikuwalaumu. Wengi walitoka sekondari ambako maabara ilikuwa chumba cha kuhifadhia majembe. Asidi waliisoma ubaoni, kwa hiyo waliijia kama watu walioambiwa kuna chui chumbani. Kuna kijana mmoja wa Mishamo, Nestori, mcheshi asiyejua kucheka mwenyewe, aliyenyoosha kidole siku niliyofundisha mole, kile kipimo cha idadi ya chembe, na ile namba yake yenye sifuri nyingi.

"Ticha, hizo chembe nani alizihesabu?"

"Hazikuhesabiwa moja moja, Nestori. Zilikokotolewa."

"Kwa hiyo hakuna aliyeziona."

"Hakuna."

"Na nikikosea moja kwenye mtihani unanikata maksi." Akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia."

Darasa lilimwangalia yeye, kisha likaniangalia mimi kama muuza dawa za meno wa mnadani. Tangu siku ile nilijua kwamba mwanafunzi wa kemia hakatai kuelewa. Anasubiri aone kama unamdanganya.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe, ile ambayo baadhi yenu mmeisikia ikiwa imeongezwa chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo niliiongeza mimi. Leo nitaipunguza.

Mwaka huo darasa lilikuwa kubwa na vyombo vichache. Kwenye mazoezi nilifanya mbele, wao wakazunguka meza, wa mbele wakaona, wa nyuma wakaona visogo vya wa mbele. Mwanafunzi aliweza kufika kwenye mtihani wa praktiko akiwa hajaigusa bureti, ule mrija mrefu wenye bomba dogo chini la kudondoshea asidi. Kwa hiyo wenyewe kwa wenyewe walijiundia vikundi vya kujifunza bwenini, wakitumia chupa za juisi na maji ya kisima badala ya vifaa.

Kikundi kimoja kilikuwa cha Skolastika, binti wa Kasekese. Mpole, anayefika kabla ya mlango kufunguliwa, na anayeshika kioo kana kwamba kina mtoto ndani. Alikuwa na supu moja tayari kutoka muhula uliopita, yaani mtihani aliourudia akapona kwa taabu. Zahanati ya kwao haikuwa na mtu wa maabara, na kijiji kizima kilijua kwamba yeye ndiye anayekwenda kusomea kazi hiyo. Akianguka tena, anadisko, anarudi nyumbani na begi lake.

Mtihani ulikuwa wa kawaida kabisa. Unapima besi, ile inayoua makali ya asidi, kwa pipeti, unaitia kwenye chupa ya koni, ile yenye kitako kipana na shingo nyembamba, unaongeza tone la methili oranji, unadondosha asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi igeuke, unasoma umetumia asidi kiasi gani. Jibu sahihi lilikuwa karibu na mililita ishirini na tano. Meza nyingi zilileta majibu yaliyotawanyika kidogo, huyu chini kidogo, yule juu kidogo, kama binadamu. Ila meza ya dirishani, ya Skolastika na wenzake akiwemo Nestori, wote walileta ishirini na sita na ushee. Wamekosea, na wamekosea pamoja, kama mapacha waliovalishwa na mama mmoja.

Mkuu wa taaluma, Mwalimu Bonifasi, aliziona namba kabla sijazifunga kwenye bahasha. Bonifasi ni mtu wa haki, ila haki yake hutembea na kufuli. Akavua miwani.

"Gaspari, hawa wamedesa."

"Inawezekana," nikasema. Na mimi, niwe mkweli, nilikuwa nimeshaanza kuitazama meza ya dirishani kwa jicho baya.

"Haiwezekani, imefanyika. Mtu mmoja kakosea, wengine wakanakili. Na mkuu wa kile kikundi tunamjua. Kamati ya nidhamu itakaa wiki ijayo, na kwa udanganyifu wa mtihani hakuna supu. Ni kufukuzwa."

Alimaanisha Skolastika. Nilimwita. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Skola, mlionyeshana majibu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Simu?"

"Alizikusanya Mwalimu Bonifasi mwenyewe mlangoni."

"Basi imekuwaje mkafanana hivi?"

Akafikiri. "Labda kwa sababu tulijifunza pamoja, Mwalimu."

Jibu hilo lilinikera, maana kila mdesaji niliyewahi kumkamata alilitumia. Lakini lilikuwa jibu la mtu asiyejua kwamba ni jibu baya. Niliondoka nikimshuku yeye nusu, na nusu nyingine nikiigawa.

Niliigawa kwa nani? Kwa kila mtu. Nilishuku bureti za meza ile, nikazipima kwa maji, zikawa safi kama mashahidi wa Yehova mlangoni. Nilishuku dirisha, kwamba jua la mchana linachanganya rangi, nikakaa pale mwenyewe mpaka nikaiva kisogo. Nilimshuku hata Bi Zuhura, kwamba alitia besi tofauti kwenye chupa ya meza ile. Alinikuta chumba cha stoo nikizipima chupa zake kwa siri.

"Gaspari. Unanichunguza mimi?"

"Nachunguza chupa, Bi Zuhura."

"Chupa nimeijaza mimi. Kwa hiyo unanichunguza mimi." Akasogeza kiti, akakaa. "Haya, endelea. Ningeshangaa ungeniacha. Ila lebo uzirudishe zikiangalia mbele."

Besi yake ilikuwa sawa kila chupa. Ndipo nikapanga mtego. Nilitangaza zoezi la marudio kwa meza ya dirishani peke yake, nikamwalika Bonifasi akakataa, akasema haendi kushuhudia maigizo. Chupa zote za besi niliziandika lebo ileile, lakini ndani kila moja nilitia nguvu tofauti. Aliyedesa angejikaanga mwenyewe, kwa sababu jibu la jirani lisingekuwa jibu lake.

Walifanya kimya. Nilikusanya namba, nikakaa na kalamu. Namba zilipishana kabisa, kila mmoja na yake, kwa hiyo hakuna aliyenakili. Lakini kila moja, nilipoilinganisha na nguvu ya chupa yake, ilikuwa imezidi. Wote wamezidi, na wamezidi kwa uwiano uleule mdogo. Nywele zilinisimama, hizi chache mlizoziona siku ya kuniaga. Macho hayakunakili, simu haikunakili. Kilichonakili kilikuwa nini?

Nikakumbuka Kilatini cha Bi Zuhura. Yakifanana, shuku mikono zaidi.

"Rudieni," nikawaambia. "Tangu kuosha vyombo. Mimi sipo."

Nestori akasema, "Ticha, upo, tunakuona."

"Sipo, Nestori."

Nikasimama pembeni nikaangalia vidole tu, sura nikaziacha. Skolastika aliisuuza bureti kwa asidi, sawa. Akaisuuza pipeti kwa besi, sawa, vyombo hivyo viwili husuuzwa kwa kile kitakachopimwa humo. Kisha akaichukua chupa ya koni, akamimina besi kidogo ndani, akaizungusha polepole ikalamba kuta zote, akaimwaga kwenye sinki kwa heshima. Ndipo akapima besi yake kwa pipeti, akaitia. Na meza nzima, mmoja baada ya mwingine, wakafanya vilevile, hadi Nestori wa Mishamo, hadi ule mzunguko wa kiwiko.

Hapo ndipo penye kosa, kwa mnaosoma kwa haraka. Chupa ya koni husuuzwa kwa maji tu. Ukiisuuza kwa besi, matone yanabaki ukutani, unaongeza besi ambayo hukuipima, na asidi lazima izidi.

"Skola, hiyo chupa kwa nini husuuzi kwa maji?"

Aliniangalia kama nimemwuliza kwa nini hali udongo.

"Kwa maji, Mwalimu? Si ndiyo inayopokea?"

"Inapokea nini?"

"Kinywaji. Yaani, besi." Akaona aibu kidogo. "Nyumbani kikombe cha mgeni hakisuuzwi kwa maji. Unatia togwa kidogo, unazungusha, unamwaga, ndipo unamjazia. Ukisuuza kwa maji halafu ukamimina, umempa mgeni togwa lililochanganywa. Bibi angekuchapa. Mimi niliona hapa ni hivyohivyo, maana bureti na pipeti mlituambia tuzisuuze kwa kitu chenyewe. Nikajua kemia nayo ina adabu."

"Na wenzako?"

"Yeye ndiye alitufundisha na zile chupa za juisi," Nestori akasema. "Mimi kwetu hatufanyi. Ila ilipendeza."

Mimi mtoto wa reli nilikulia soda za kioskini, na mgeni wetu alikunywa kwenye chupa. Ningeyajulia wapi? Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua Bonifasi hataamini.

Hakuamini. Kamati ilikaa ofisini kwa Mkuu wa chuo, mama mmoja wa Moshi aliyehamia kwetu muhula huohuo. Skolastika na wenzake walikaa kwenye benchi karibu na mlango. Nilieleza mtego wangu, chupa na namba, nikaeleza kikombe cha mgeni. Mkuu alisikiliza vizuri. Bonifasi alisikiliza kwa nyusi.

"Mama, naomba niseme," alisema. "Mimi nimezaliwa Kasekese. Nimekulia Kasekese. Mama yangu yuko Kasekese mpaka sasa. Hiyo mila sijawahi kuisikia hata siku moja. Hawa wamepewa muda wakatunga hadithi, na mwalimu wao, kwa moyo mzuri, ameinunua. Hata hilo zoezi la marudio, nani anajua kama hawakupanga kukosea pamoja?"

Skolastika aliinamisha kichwa. Nilimwona akikunja ncha ya koti lake jeupe, anakunja, anakunjua, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

Sikubishana. Nilikuwa nimepita jikoni asubuhi, nikamwomba mama mpishi atuletee togwa, maana kikao kingekuwa kirefu. Likaja kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, pamoja na vikombe na jagi la maji ya kunywa. Nikamwambia Mwalimu Bonifasi kwa sauti ya utii kabisa:

"Mkuu wetu ni mgeni wa mkoa huu, na mimi ni mtoto wa mjini, sijui kukaribisha. Mwenyeji hapa ni wewe."

Bonifasi alipenda hilo. Alisimama, akatengeneza koti. Akachukua kikombe, akachota togwa kidogo, akatia, akazungusha polepole likalamba kuta zote, akasogea dirishani akamwaga nje. Ndipo akajaza, akakipeleka kwa mikono miwili.

Mkuu hakukipokea. "Mwalimu, mbona umemwaga?"

"Nimesuuza, Mama."

"Maji si hayo hapo kwenye jagi?"

"Maji?" Bonifasi akatabasamu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Hapana, Mama, kwa mgeni huwezi kusuuza kwa ma—"

Kikombe kilikuwa bado mikononi mwake. Kutoka kwenye benchi Nestori alitoa sauti ndogo ya mtu anayezuia chafya.

Siwacheki watu kwa hilo, vijana wangu. Bonifasi hakusema uongo. Mila tunayoijua kwa jina ni ya jirani. Ya kwetu haina jina, ni mkono tu.

Mkuu akakipokea kikombe, akanywa, akasema ni togwa zuri. Kisha akamgeukia Bonifasi. "Unapendekeza nini?"

Nilisema ni mtu wa haki. Alikaa, akafikiri, akavaa miwani. "Udanganyifu haupo. Ila jibu walilokosea bado limekosewa. Warudie praktiko. Na huyu binti," akamwonyesha Skolastika, "aanze yeye, na mimi nisimame nyuma yake. Akikosa, ni supu aliyoifeli, na kanuni mnaijua."

Kabla ya siku hiyo nilimkuta Skolastika maabara, anaitazama chupa ya koni. Nikamweleza tena habari ya matone. Alinisikiliza, halafu akasema mwenyewe, taratibu: "Kumbe hii si kikombe, Mwalimu. Ni chungu. Vilivyopimwa vinapikiwa humu." Nilimwambia ndivyo, chungu kikiwa na maji kidogo hakimwongezei mtu unga. Maneno hayo nimeyatumia kwa kila mwaka wa kwanza tangu hapo, na nyie myatumie, msiogope vitabu.

Siku ya kurudia Bonifasi alisimama nyuma yake karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi za nywele. Bi Zuhura alijifanya anafuta meza ambayo ilikuwa imeshang'aa. Skolastika alisuuza bureti, akasuuza pipeti. Akachukua chupa ya koni, akachukua maji. Hapo mkono ukasita. Niliuona ukisita, na moyo wangu nao. Akainamisha uso karibu na ile shingo nyembamba, midomo ikatikisika, kisha akatia maji, akazungusha haraka, akamwaga akiangalia pembeni kama mtu aliyefanya jambo la aibu mbele ya wakwe.

Akapima. Akadondosha. Njano ikakaa, ikakaa, halafu kwa tone moja ikageuka waridi hafifu. Alirudia mpaka majibu yakakubaliana, akaweka kalamu chini.

Bonifasi alisoma bureti. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Ishirini na tano, na kale ka ziada kadogo ka kibinadamu.

"Umefaulu," alisema. Halafu hakuweza kujizuia. "Ulikuwa unaiambia nini hiyo chupa?"

"Nilikuwa naiomba radhi, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, akaandika alama, akasaini. Mlangoni alinishika bega.

"Gaspari, lile togwa la kikaoni. Lilikuwa mtego."

"Hapana, Mwalimu. Kulikuwa na joto tu."

Aliniangalia muda mrefu. Hakuniamini hata kidogo, na ndipo nilipojua kwamba maabara ile, hata nikistaafu, haitakosa mtu wa kushuku.